Nywele Kwenye Mpira wa Barakoa

Asubuhi hiyo Mkaguzi alikuwa ameinamia sinki la bafuni kwake, anasugua, na alikuwa anasugua kwa hasira. Doa lenyewe lilikuwa jeusi tii, limekaa pembeni ya bomba kama limepigwa mhuri, na sabuni ya unga haikulifanya chochote. Piko. Kaka yake alikuwa amepaka ndevu tena, akanawa mikono, akaenda zake kama vile nyumba ina mjakazi.

Huyo kaka alihamia hapo siku mkewe alipomfungia mlango. Wiki moja tu, mdogo wangu, alisema, na sasa ilikuwa miezi. Alikuja na begi moja la nguo na maboksi mengi ya mali yake: buti, glavu, kofia ngumu, barakoa. Kazi yake ni kuuza vifaa vya usalama. Kazi ya dada yake ni kukagua usalama kwenye viwanda, karakana na maghala. Kwa hiyo walikubaliana mapema kabisa: kaka amtajie kila mahali anapopeleka mzigo, ili huko aende mkaguzi mwingine. Kaka akataja kiwanda cha sabuni, karakana mbili na machimbo ya kokoto, akasema basi, hakuna pengine.

"Hili doa ukiliacha hapa jioni, utalala nje," alimwambia bila kugeuka.

Kaka yake alikuwa mlangoni, anachambua ndevu kwa mswaki wa zamani, ule ule anaopakia piko. Alicheka. Alipocheka alifanana na marehemu baba yao, na hilo ndilo lililokuwa linamponza Mkaguzi kila siku. Baba yao alipofariki, huyu ndiye aliyekuwa anamsuka nywele kabla ya kwenda shule. Alikuwa anamsuka vibaya, mistari inapinda kama njia ya mlevi, lakini hakuna siku aliyomwacha aende na kichwa wazi.

"Hasira za nini asubuhi yote hii?" alisema. "Pumua, mdogo wangu. Pumua kama uko likizo."

Chai hakunywa. Alisema ana haraka, akakwapua boksi moja kwenye korido, akatoka. Mkaguzi aliliona hilo la chai, maana kaka yake si mtu wa kuacha chai, lakini lilimpita kwa sababu simu ilikuwa inaita.

Alikuwa mkuu wake wa kazi. Jana mchana kijana mmoja amekufa kwenye ghala la mahindi. Alikuwa kwenye kikosi cha wapiga dawa, wale wanaoweka vidonge kwenye magunia, wanafunga ghala, na baada ya siku kadhaa wanarudi kufungua milango ili gesi itoke. Gesi hiyo ni ya kuua fukusi, ila haijui tofauti ya fukusi na mtu. Kijana aliingia kufungua milango akiwa amevaa barakoa ya uso mzima. Hakutoka kwa miguu yake.

"Meneja amenipigia mwenyewe," mkuu alisema. "Anasema jamaa alikuwa na ndevu, barakoa ikavuja. Nenda kamalizie."

Neno kamalizie lilimkera njia nzima.

Meneja wa ghala alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa mpaka linakata. Alimpokea kwa mikono miwili, akamletea soda ambayo hakuiomba, akamketisha mbele ya meza. Katikati ya meza, juu ya karatasi safi, palikuwa na barakoa.

"Madam, sisi hatufichi kitu," alisema. Akachukua kalamu, akaonyesha sehemu ya chini, pale mpira unapokumbatia kidevu. Kwenye mkunjo wa mpira zilikuwa zimenasa nywele tatu nne, fupi, nyeusi. Halafu akaweka pembeni kitambulisho cha getini. Kwenye picha kulikuwa na kijana mwembamba mwenye ndevu zilizotoka sikio hadi sikio, anaikodolea kamera macho kama ameombwa nauli.

"Hapa wanamwita Sharafa," meneja akaendelea, na hapo akatabasamu kidogo. "Jina lenyewe linajieleza. Tumewaambia mpaka midomo imekauka. Ndevu zinaunyanyua mpira, gesi inapita pembeni, mtu hajui mpaka ameshaanguka. Sasa kampuni ifanyeje, madam? Imshike mtu mzima imnyoe?"

Kilichomuudhi Mkaguzi ni kwamba maneno yalikuwa ya kweli. Yeye mwenyewe huyafundisha. Hata ndevu za siku mbili, zile unazozisikia tu ukipitisha kiganja, zinatosha kuharibu kazi yote ya mpira. Meneja alikuwa amelikariri somo vizuri, na alikuwa analitumia kumzika mtu.

Alivaa glavu, akaiinua ile barakoa. Aliigeuza taratibu, juu, chini, ndani. Kisha akatazama feni ya mezani, akatazama vioo vya dirisha, akatazama viatu vyake mwenyewe. Kila kitu pale kilikuwa na vumbi la mahindi. Feni ilikuwa na manyoya ya vumbi. Viatu vyake alivipiga kiwi asubuhi, na kutoka getini hadi ofisini tu vilikuwa vimeshageuka kijivu. Lakini barakoa, ambayo iliingia ghalani, ikaanguka na mtu, ikavuliwa nje kwenye udongo, ilikuwa safi na inanukia boksi. Mikanda yake ilikuwa imelegezwa mpaka mwisho, kama imevaliwa na mtu mwenye kichwa kikubwa. Na lile kopo la chujio linalofungwa mbele ya mdomo lilikuwa jipya linang'aa.

"Nani ameisafisha hii?"

"Hakuna aliyeigusa. Iko vile vile alivyovuliwa."

"Vile vile?"

"Vile vile, madam. Ushahidi hauguswi, tunajua."

Mkaguzi aliandika vile vile, neno kwa neno, akamwomba aweke sahihi pembeni. Meneja akaweka, tena kwa mbwembwe.

Halafu akachukua kibano, akanasa unywele mmoja, akaenda nao dirishani. Ulikuwa mfupi kama ncha ya kucha. Juu ulikuwa mweusi mno, weusi usio na uhai, kama wa kiatu. Chini, pale ulipotoka kwenye ngozi, ulikuwa mweupe.

"Sharafa alikuwa na umri gani?"

"Kijana mdogo tu. Thelathini alikuwa hajaigusa."

Kuna kitu kilimgusa Mkaguzi, kama mtu amekuita kwenye umati, ukageuka, usimwone. Akakisukuma. Akatia nywele kwenye bahasha, akaifunga, akaweka tarehe, akauliza nani aliyeiokota barakoa. Meneja alisema ni jamaa wa vifaa, yule anayewapimia vijana barakoa zao. Alifika jana wakati mwili umeshapakiwa kwenye gari na kupelekwa hospitali, akaikuta barakoa chini, akaja akamwambia aifungie kabatini, na ni yeye aliyemwonyesha zile nywele. Vijana wanamwita Profesa. Jina kamili analo karani, na karani hajafika leo.

Alipouliza kama anaweza kumpata huyo Profesa, meneja alitazama saa yake, akasema asubiri karani.

Mochwari ya hospitali ilikuwa nyuma, karibu na jiko la wagonjwa, na mhudumu wake alikuwa mwanamke mnene mwenye redio ndogo mfukoni mwa koti. Hakuizima, aliipunguza tu. Akavuta kitanda, akafunua shuka mpaka kifuani.

Mkaguzi aliitazama sura, akatoa kile kitambulisho cha getini, akaitazama tena. Sura ilikuwa ile ile, ila ndevu hazikuwepo. Hapakuwa na unywele hata mmoja. Kidevu kilikuwa kimenyolewa mpaka kimeota vipele vya wembe, na chini ya sikio la kushoto palikuwa na mkato mdogo uliobandikwa kijipande cha karatasi ya chooni, kama wanavyofanya wanaume wakijikata wakiwa na haraka. Kijikaratasi kilikuwa bado kipo.

"Mmemnyoa nyinyi?"

Mhudumu alimtazama kama ametukanwa. "Mama, sisi hapa hatumnyoi mtu wala hatumsuki. Anavyoletwa ndivyo anavyolala. Na huyu alikuja hivyo hivyo."

"Na hii?"

Ulikuwa mstari kwenye ngozi. Ulianzia kwenye paji la uso, ukashuka pembeni ya macho, ukapita mashavuni, ukaenda kukutana na mwenzake chini ya kidevu. Haukukatika popote. Ulikuwa kama alama ya ukingo wa bakuli lililokandamizwa kwenye unga. Mhudumu alisema nao waliuona, wakadhani ni kamba ya kofia.

Mkaguzi aliupima, akaupiga picha kila upande. Barakoa ya huyu kijana ilikuwa imeshika uso wake wote, sawasawa kabisa, kama inavyotakiwa na kama asivyovaa mtu yeyote kwenye maghala aliyokagua maisha yake yote. Gesi haikupita pembeni. Kama haikupita pembeni, ilipita mbele, kwenye kopo la chujio. Na kopo aliloonyeshwa mezani lilikuwa jipya.

Kwa hiyo barakoa ya mezani haikuwa ya Sharafa. Mtu alikuwa amechukua ya marehemu akaweka nyingine, yenye kopo zima na ndevu za kusingizia. Na mtu huyo hakuwa ameiona sura ya marehemu tangu iliponyolewa.

Nyumbani kwa Sharafa palikuwa chumba kimoja na kibaraza. Wanawake walikuwa wameketi chini, na mjane alikuwa katikati yao, msichana mdogo tu, macho makavu. Mkaguzi alipojitambulisha kuwa anatoka ofisi ya usalama kazini, mjane alisimama.

Kumbe meneja alishatuma mtu asubuhi. Mtu huyo alikuja na pole ya mdomo, akawaambia mbele ya mama mkwe na majirani kwamba marehemu alikataa kunyoa, kwa hiyo amejiua mwenyewe, na kampuni haina la kufanya.

"Umekuja kuniambia hayo hayo?" mjane aliuliza.

"Hapana. Nimekuja kukuuliza alinyoa lini."

Mjane akakaa tena, polepole. Mama mkwe akamshika bega. Kisha akaanza kusimulia, na alisimulia akiwa na hasira, kama anamgombeza mtu aliyeko chumba cha pili. Alinyoa jana hiyo hiyo, asubuhi, pale kibarazani, kwa kipande cha kioo. Ijumaa walipimwa barakoa, yake ikagoma, akaambiwa aende akanyoe. Wenzake walimwambia aache ujinga. Yeye akasema ana mtoto. Alipomaliza, huyo mtoto, ana miaka miwili, akamtazama, akapiga ukelele, akajificha nyuma ya ndoo. Hakumjua. Kila akimfuata, mtoto analia. Alitaka kumbeba kabla ya kwenda kazini kama anavyofanya kila siku, mtoto akakataa katakata.

"Akamwambia, jioni utanizoea," mjane alisema. "Akaenda. Na mimi nilikuwa nacheka, dada. Nilimwambia amekuwa kama yai lililomenywa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, yai lililomenywa. Halafu wananiletea mtu aniambie mume wangu amekufa kwa ndevu."

Mtoto alikuwa amesinzia kwenye paja la bibi yake. Mkaguzi aliomba wembe. Ulikuwa bado kwenye ukingo wa dirisha, una povu lililokauka na vinywele. Aliviangalia dirishani kama alivyoangalia vile vingine. Vilikuwa vyeusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, weusi wa kawaida wa kijana. Akavitia kwenye bahasha ya pili.

Mama mkwe alimsindikiza hadi nje. Hakuuliza kuhusu haki wala nini. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama ofisi inaweza kuandika kwamba mwanawe alinyoa. Iandikwe, alisema, mtoto akikua asome.

Wapiga dawa aliwakuta nyuma ya ghala, kwenye baraza la kupakulia mizigo, wamekaa juu ya magunia matupu, hawana kazi. Nyapara wao alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zake nzuri tu. Mkaguzi hakumsalimia vizuri. Aliuliza wanapimwaje barakoa.

Nyapara akakohoa. Akaeleza kwamba Profesa anawavalisha barakoa, halafu anawafunika kichwa kizima kwa mfuko mkubwa wa nailoni wenye dirisha, na kupitia kitundu anapuliza dawa chungu kama kwinini. Ukisikia uchungu ulimini, ujue barakoa inavuja. Umefeli, huingii kazini mpaka unyoe.

"Na nyinyi wote mmefaulu? Na hizo ndevu?"

Mmoja wao, kijana mfupi aliyekuwa anachokonoa gunia, akaachia kicheko cha pua, kisha akakimeza.

"Sema," Mkaguzi alimwambia nyapara.

"Tunamumunya pipi, madam. Zile kali za mnanaa. Unamumunya mbili kwa mpigo mpaka ulimi unakufa ganzi, ndipo unaingia kwenye mfuko. Hata akikupulizia nyongo ya mamba husikii."

"Na Profesa hajui?"

"Anajua. Mfuko wote unanukia mnanaa, atakosaje kujua? Anacheka tu. Na yeye atasema nini, madam, mwenyewe ana ndevu hapa," akajishika kidevu, "nyeusi kama kiwi ya viatu. Akikuvalisha ile nailoni anakupiga begani, anakwambia pumua. Pumua kama uko likizo."

Wawili watatu wakaguna, wanalijua neno hilo. Mkaguzi alikuwa anatazama kalamu yake, na kalamu ilikuwa imesimama katikati ya neno.

Nyapara alidhani amenyamaza kwa hasira, na kwa hiyo akafululiza, akatoa yote. Sharafa peke yake ndiye aliyekataa pipi. Aliingia kwenye mfuko na ulimi wake mkavu, akasema nasikia uchungu, na wao walimcheka mpaka wakakaa chini. Profesa mwenyewe alimwambia nenda kanyoe, huku anacheka, maana toka aanze kazi hiyo hakuna aliyewahi kunyoa kweli. Jana Sharafa akatokea na kidevu cheupe. Walimpigia makofi. Profesa hakuwepo, alikuja baadaye, mwili umeshaondoka. Meneja huwa hashuki huku chini.

"Aliingia na nani?"

Sheria ni watu wawili. Nyapara alitazama pembeni. Aliingia peke yake, alisema, sisi wengine tulikuwa tunavuta sigara.

"Alipiga kelele?"

"Alipofika mlango wa tatu alisema kitu. Alisema kuna harufu ya vitunguu saumu. Tukajua anatutania." Sauti ya nyapara ikapungua. "Huwa anatania."

Vitunguu saumu ndiyo harufu ya gesi ile. Ukivaa barakoa nzima, yenye kopo zima, huwezi kuinusa hata kidogo. Kijana alikuwa anawaambia kopo limekufa, na wao wakacheka.

Mkaguzi aliomba namba ya Profesa. Nyapara akatoa simu yake, akaisoma, na yeye akawa anabonyeza tarakimu moja moja kwenye simu yake, ingawa tangu ya tano vidole vilikuwa vinaijua njia. Hakupiga. Alipobonyeza ya mwisho, simu yenyewe ikamwandikia juu ya namba jina lililokuwa limehifadhiwa humo miaka yote.

Kaka Mkubwa.

Akaifunga. Akainuka, akapangusa sketi, akamwambia nyapara amfungulie stoo ya vifaa.

Makopo ya chujio yalikuwa yamepangwa kwenye rafu, yanapendeza, kila moja na lebo yake na mkanda wa plastiki mpya mdomoni. Alichukua moja, akaingiza ukucha chini ya lebo. Lebo ilitoka kwa urahisi, na chini yake palikuwa na lebo nyingine, iliyofubaa, yenye tarehe iliyopita zamani. Alichukua la pili. La tatu. Aliyafungua mikanda. Moja lilikuwa na vumbi la mahindi ndani ya uzi wa kufungia, na kopo jipya lililofungwa mkanda haliwezi kuwa na vumbi ndani. Yalikuwa yametumika, yakatupwa, yakaokotwa, yakafutwa, yakavalishwa lebo, yakarudishwa kwa watu walewale wayavutie pumzi.

Alirudi ofisini kwa meneja na makopo matatu, akayaweka juu ya ile karatasi yake safi.

"Barakoa uliyonionyesha si ya marehemu," alisema. "Marehemu hakuwa na ndevu. Alinyoa jana asubuhi, kila mtu kwenye kikosi anajua, mke wake anajua, mpaka mtoto wa miaka miwili anajua. Wewe peke yako ndiye hujui, kwa sababu kijana wako amekufa na hujaenda kumtazama hata usoni."

Meneja akayasukuma yale makopo mbali naye.

Alisema yeye ananunua tu, hatengenezi. Alisema barakoa ililetwa na Profesa, nywele zilionyeshwa na Profesa, maneno ya ndevu ni ya Profesa. Hapo Mkaguzi alimwamini, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Alimwambia ghala limefungwa na stoo imefungwa, na kwamba ile sahihi yake ya vile vile atakwenda kuielezea mbele ya polisi.

"Mbona mimi tu?" meneja alisema, sasa shati limelowa mgongoni. "Anapeleka maghala mengine mengi. Msimu huu kila mtu amefukiza. Wenzangu kesho asubuhi wanafungua milango."

"Maghala gani?"

Hakuyajua. Anayajua Profesa.

Mkaguzi alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Kwenye korido, pale palipokuwa na maboksi, palikuwa na mistatili ya sakafu safi na vumbi pembeni yake. Begi la nguo halikuwepo. Ufunguo wa akiba ulikuwa juu ya friji, umewekwa vizuri. Kaka yake alikuwa amerudi mchana, akabeba kila kitu chake.

Ila si kila kitu. Bafuni, kwenye kikombe, ulikuwa umebaki mswaki wa piko. Na kwenye nywele za mswaki zilikuwa zimenasa nywele nyingine, fupi, nyeusi juu na nyeupe kwenye shina.

Mkaguzi aliinamia kikombe bila kukigusa. Ni mtu huyu aliyekuwa anamvuta sikio asitikisike wakati anamsuka. Ni mtu huyu huyu aliyeinua barakoa ya maiti kutoka kwenye udongo, akaiweka kwenye begi, akatoa ya kwake, yenye kopo zima, akaiweka mahali pake, yeye ambaye haingii ghalani hata siku moja. Asubuhi alikuwa anacheka mlangoni. Alikuwa anachana hizo hizo ndevu, siku moja baada ya kumsingizia maiti ndevu.

Alivaa glavu. Akauchukua mswaki, akautia kwenye bahasha ya tatu, akaifunga, akaandika: umetolewa bafuni, nyumbani kwa mkaguzi. Akaweka sahihi. Sahihi ilitoka imepinda.

Kisha akampigia mkuu wake, akamweleza yote, kuanzia kidevu hadi mswaki. Mkuu akamwambia kesi hiyo imeshatoka mikononi mwake, polisi watafika kwake kuchukua bahasha. Kuhusu maghala, atawatuma watu wote wa ofisi wapige simu, lakini maghala ni mengi, mengine hayana hata kibali, nani atayajua yote?

"Yupo anayejua," Mkaguzi alisema.

Alimpigia kaka yake. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakatwa. Akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akaandika:

*Kaka, Sharafa alikuwa amenyoa. Alinyoa kwa sababu wewe ulimwambia. Nywele kwenye barakoa ni zako, ninazo. Sikuulizi uko wapi. Nitajie maghala yote uliyopeleka yale makopo. Kesho asubuhi watu wanaingia.*

Akatuma. Ujumbe ukafika. Baada ya kitambo alama zikageuka rangi, ameusoma. Chini ya jina Kaka Mkubwa pakatokea: anaandika.

Pakafutika.

Pakatokea tena, pakakaa, pakakaa, mpaka Mkaguzi akasimama na simu mkononi. Pakafutika.

Aliiweka simu kwenye ukingo wa sinki, pembeni ya lile doa, kioo kikiwa juu. Akasubiri. Kioo kikazimika chenyewe. Akakigusa kikawaka, ujumbe wake ulikuwa pale pale, wa mwisho, na chini yake hapakuwa na kitu.